"Her" ni kiwakilishi au kivumishi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kitabu kimoja cha sarufi ya Kiingereza kinasema "her" ni kiwakilishi, kingine kinaliita kivumishi. Niamini kipi? Halafu kila nikiongea haraka, dada yangu anakuwa "he" na wenzangu wanacheka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Viamini vyote viwili. Aina ya neno huamuliwa na kazi linayofanya ndani ya sentensi, na neno moja linaweza kuwa na kazi zaidi ya moja. Ukisema "I saw her", aliyeonekana ni mtu, na "her" limesimama mahali pa jina lake. Hicho ni kiwakilishi. Ukisema "I saw her book", kilichoonekana ni kitabu. "Her" linaeleza tu ni cha nani. Ndiyo maana wengi huliita kivumishi cha kumiliki, ingawa wanasarufi wengine huliweka kwenye vibainishi, yaani maneno yanayotangulia nomino kuonyesha ni ipi au ni ya nani.

Ukikwama, mgeuze huyo mwanamke awe mwanamume: "I saw him", lakini "I saw his book". Tofauti iliyokuwa imejificha inajitokeza mara moja. Njia hii haikusaidii kuchagua kati ya "her" na "hers", kwa sababu hapo mwanamume ndiye mwenye neno moja: "his book", "the book is his". Tazama basi kama kuna nomino inayofuata. Isipokuwepo, andika "the book is hers".

Kuhusu "he" na "she", usione haya hata kidogo. Kiswahili hakikuulizi jinsia. "Anakuja" yatosha kwa yeyote, kwa hiyo ulimi wako haujazoea kuchagua kabla ya kutamka. Wanaokucheka wanakukosea, maana mwanafunzi anayeogopa kicheko huacha kuongea. Jizoeze peke yako kwa sauti: simulia habari za mwanamke mmoja tu, mwanzo hadi mwisho, kisha irudie habari ileile ukimweka mwanamume. Usiwachanganye wawili mpaka ulimi ukubali.

Ile "a-" ya "anakuja" huleta kosa jingine, nalo nalikuta kwenye insha nyingi: "My sister she is coming". Kwetu kiambishi hicho ni sehemu ya kitenzi, hakiachwi. Kwenye Kiingereza sanifu cha kuandika, nomino ikishataja mtenda, kiwakilishi hakirudiwi: "My sister is coming". Pitia insha zako. Popote nomino na kiwakilishi chake vimekaa bega kwa bega mbele ya kitenzi kimoja, futa kiwakilishi.