Kwa wadogo zangu mnaoingia wodi za tiba ya jadi huko China

Kwenye raundi ya asubuhi, kabla hata bandeji haijafunguliwa, mgonjwa ataulizwa kwa sauti: "Umeshatoa upepo?" Ndiyo, upepo wa chini. Msicheke. Mtu aliyekatwa kipande cha utumbo mpana kwa sababu ya saratani, matumbo yake hulala siku kadhaa, na dawa za maumivu za jamii ya mofini huzidi kuyalaza. Hapo ndipo wataalamu wa sindano za akupancha (zisizo na dawa ndani) huitwa. Watachoma sehemu iitwayo Zusanli: vidole vinne chini ya goti, upande wa nje, upana wa kidole kimoja kutoka ukingo wa muundi. Mara nyingi huunganisha na umeme mdogo. Kwa kichefuchefu kuna sehemu ya Neiguan, vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa ndani, katikati ya kano mbili. Hii ina ushahidi mzuri wa utafiti, na haihitaji sindano kila mara. Mfundisheni mgonjwa abonyeze mwenyewe kwa kidole gumba.

Kama anaendelea na tibakemikali, someni kwanza majibu ya damu: chembe sahani (za kugandisha damu) na chembe nyeupe (za kinga) zikiwa chini sana, sindano isubiri. Na mkono wa upande ambao tezi za kwapa zimetolewa, uacheni.

Dawa za kuchemsha ndizo zinazohitaji macho. Huangqi, baizhu, fuling: hizi mtaziona kila siku kwa ajili ya uchovu na kukosa hamu ya kula, na siku hizi hospitali nyingi huzichemsha kwa mashine na kuzifunga kwenye vipakiti. Mimi sina wasiwasi sana na kilichoandikwa kwenye faili. Wasiwasi wangu ni chupa ya chai anayokuja nayo shangazi saa za kuona wagonjwa. Danshen, mzizi wa dawa ya Kichina, ikikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, damu inaweza kutoka bila kukoma kirahisi. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina walipewa mzizi usio wenyewe, wenye sumu iitwayo asidi ya aristoloki. Figo zikafa, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ukimuuliza mgonjwa kama anatumia dawa nyingine atasema hapana, maana kwake ile ni supu tu. Muulize jana ndugu walimletea nini, kisha uombe kufungua kifuniko.

Kuna na miiko ya chakula. Familia nyingi humkataza mgonjwa jogoo, kamba na nyama ya kondoo, vyakula wanavyoviita fawu, wakiamini vinaamsha ugonjwa. Halafu wanachemsha kuku jike saa nzima na zaidi, mgonjwa anapewa mchuzi, mwana anakula minofu! Protini karibu yote imebaki kwenye minofu, na kidonda kinaihitaji. Msibishane na bibi wa watu. Mwombeni daktari mzee wa tiba ya jadi amwambie yeye: mchuzi pamoja na nyama. Atasikilizwa.

Mtaulizwa pia kama dawa hizi zitazuia saratani isirudi. Semeni zinasaidia kula, kulala na kupata choo, basi. Mgonjwa akianza kunong'ona kwamba anataka kuacha tibakemikali abaki na unga wa mizizi, daktari wake wa saratani aarifiwe siku hiyohiyo.