Magome ya mninga na mapunye ya mtoto

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mwanangu wa miaka 6 ana mapunye kichwani. Mama mkwe huchemsha magome ya mninga kwenye karai la chuma, maji yanakuwa meusi tii, tunayaweka kwenye dumu na kumwosha nayo wiki nzima. Nasikia yana antioksidanti (kemikali zinazokinga seli za mwili zisiharibiwe) na yanaua fangasi. Hii ni wiki ya tatu, mbona hayaishi? Mama wa Sikonge, Tabora

JIBU: Marahaba, mama. Weusi huo ni wino. Magome ya mninga yana tanini, na tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Tumieni sufuria ya alumini au chungu. Na dumu la wiki nzima hapana: maji ya magome yakilala siku chache huota ukungu, na ukungu nao ni aina ya fangasi!

Hizo antioksidanti hupimwa maabara kwa kimiminika cha zambarau kiitwacho DPPH: magome yakiwa nazo, rangi hufifia kuelekea manjano. Kipimo hicho hakimhusu fangasi hata kidogo. Yeye hupimwa kwenye sahani yake ya maabara anamooteshwa, mara nyingi kwa magome yaliyolowekwa kwenye ethanoli au methanoli, si maji ya jikoni. Tena kwenye sahani yuko wazi. Fangasi wa mapunye amejichimbia ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana nywele hukatika zikabaki nukta nukta. Hata krimu ya klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kupaka, haimfikii huko.

Mpeleke mtoto kituo cha afya apewe dawa ya kumeza. Griseofulvini kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8, dozi kwa kilo zake, na imezwe na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo mwili huinyonya kidogo tu. Wengi huacha dawa ngozi ikitulia, mapunye yakarudi. Kofia, chanuo na mashine ya kunyolea asichangie na wenzake.

Mashilingi ya mwilini (mabaka ya mviringo ya fangasi kwenye ngozi) ni mepesi zaidi kutibu: krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4, hata alama zikishafifia.

Mama mkwe akienda tena porini, abandue ukanda mwembamba wa wima, upande mmoja. Akilizungushia shina lote mninga hufa, kwani chakula cha majani hushukia mizizini kupitia gome la ndani.