"Ndiyo, Mwalimu!" Halafu Wanafeli: Maswali ya Walimu Wanafunzi wa Sayansi

Swali: Shikamooni. Nasomea ualimu wa fizikia na mwezi ujao naenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), kidato cha pili. Mkufunzi wetu kila siku anatuambia "mjue mwanafunzi anafikirije". Mwaka jana nilikuwa nikiuliza "Mmeelewa?" darasa zima linaitikia "Ndiyo, mwalimu!" Jaribio likaja, wakafeli karibu wote. Sasa huko vichwani mwao naingiaje?
*Mwanachuo, Songea*

Jibu: Marahaba. Kwanza achana na hilo "Mmeelewa?" Wanakujibu kwa adabu tu. Nani atasimama mbele ya wenzake sabini aseme yeye hajaelewa?

Tafuta swali moja kuhusu kitu kinachoshikika, ambalo daftari haliwezi kulijibu. Tuchukue mada ya umeme. Weka mezani betri moja kubwa ya tochi (volti 1.5), balbu ndogo ya tochi ya zamani, ile yenye kiwaya ndani, na waya mmoja wa sentimita 20 uliomenywa ncha zote mbili. Usiunganishe chochote. Gawa robo karatasi kwa kila mtu, bila majina, kisha sema: "Chora utakavyoviunganisha ili balbu iwake. Weka mishale kuonyesha umeme unakopita. Chini yake eleza kwa Kiswahili au Kiingereza, upendavyo." Dakika tano zinatosha.

Ukishazikusanya, kalamu nyekundu iache mfukoni. Panga karatasi kwa mafungu kufuata wazo, usizipange kwa kosa na sahihi. Mara nyingi utapata haya.

Wako watakaochora waya kutoka ncha moja ya betri hadi kitako cha balbu, basi. Kwao umeme ni maji ya bomba. Bomba moja linatosha. Wazo hilo wamelitoa nyumbani: pasi ina waya mmoja, na feni pia. Hawajawahi kuuchana waya huo wakaona kwamba ndani ziko nyaya mbili au tatu.

Wengine watachora njia iliyo sawa kabisa: kitako cha balbu kimekaa kwenye ncha moja ya betri, na waya umetoka ncha ya pili hadi ubavuni mwa balbu. Ila mishale inatoka ncha zote mbili na kukutana kwenye balbu, kana kwamba chanya na hasi zinagongana hapo na kutoa cheche. Hawa ndio hatari zaidi, kwa sababu kwa haraka ungewapa vema na kuendelea na somo.

Fungu la tatu mshale unazunguka vizuri, lakini ukishapita kwenye balbu unakuwa mwembamba. Umeme umeliwa. Usiwashangae: Luku huisha, betri huisha, na jiko la umeme tunasema "linakula". Kinachopungua ni nishati iliyomo kwenye betri. Mkondo unaorudi ni sawa na ule uliotoka.

Sasa chukua mchoro mmoja kutoka kila fungu, uubandike ubaoni na uulize nani anaweza kuutetea. Wakati wa mapumziko keti na mmoja wao kwa dakika tano. "Kwa nini?" kavukavu iepuke, maana masikioni mwa mwanafunzi ni swali la polisi. Mwambie: "Hebu nifuatishie umeme kwa kidole. Ukifika hapa inakuwaje?" Kisha nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aligundua miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Ukisema "vizuri" umefunga mazungumzo, maana ameshajua unachokitaka. "Enhe, halafu?" inatosha. Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Ukiyanyoosha, wazo lake limepotea.

Baada ya hapo ndipo ujaribu kwa vitendo: betri mbili, balbu mbili zilizofuatana kwenye njia moja. Kabla ya kuunganisha, kila mtu aandike ipi itawaka zaidi, au kama zitalingana. Hapa pana mtego uliowaaibisha wengi. Balbu za dukani hazilingani, hata za pakiti moja. Ya kwanza ikiwaka zaidi kwa bahati, darasa litashangilia, "Si tulisema, ya pili imepata makombo!" Zijaribu zote jioni ya kuamkia kipindi, uchague zinazolingana. Zikikuangusha hata hivyo, zibadilishane nafasi mbele yao: mwanga ukihama pamoja na balbu, tatizo ni balbu. Taa za LED usizitumie hapa. Betri moja kwa kawaida haiziwashi, na ukizigeuza haziwaki kabisa. Wala usiruhusu waya kuunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja, hupata moto na kuunguza vidole.

Swali: Wanafunzi wangu wa kemia wanaandika kwamba sukari kwenye maji "imeyeyuka" (melted) kama barafu. Ni kukosa Kiingereza au hawajui?
*Mwalimu mwanafunzi, Tabora*

Jibu: Huwezi kujua kwa kusoma tu. Nyumbani sote tunasema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka kwenye chai. Neno kumumunyika (dissolve) linabaki vitabuni. Wape swali linalotenganisha: gramu 100 za maji, gramu 10 za sukari, koroga hadi isionekane, mizani itasoma ngapi? Anayesema 110 huenda ana shida ya neno tu. Anayesema 100 anaamini sukari imetoweka na kuacha utamu, na huyo hata ukimfundisha msamiati mpaka jioni hutamsaidia. Ukipima, glasi na kijiko viwe kwenye mizani kabla na baada, maana kijiko huondoka na matone na gramu zikipungua utakuwa umemthibitishia.

Swali: Mwanafunzi akileta wazo ambalo hata mimi silijui, nisemeje bila kudhalilika?
*Mwanachuo, Mtwara*

Jibu: Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba aliweka mchanganyiko wa moto wa maziwa na sukari kwenye friza, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea. Osborne naye hakuwa na jibu, ila aliahidi kujaribu, akajaribu kweli, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanalibishania jambo hilo hadi leo. Kwa hiyo sema: "Sijui. Ulipima vipi?" Aeleze vyombo, kiasi na muda, uandike ubaoni, kisha mpange siku ya kurudia. Siku hiyo mliyoahidiana usiipitishe.