Kuvusha mchaichai na majani ya mapambo kwenye majira ya baridi

Kama unakaa Minneapolis, mji wa kaskazini mwa Marekani, na una chungu cha mchaichai kibarazani, anza kukiangalia Septemba, usingoje theluji. Mchaichai ni mmea wa nchi za joto, na jalidi (umande ulioganda) ya usiku mmoja inatosha kuunguza majani yake yote. Hali kadhalika Pennisetum setaceum 'Rubrum', yale majani ya zambarau (jamii ya nyasi) yenye masuke yanayoinama, ambayo maduka ya maua huku huyauza kila Mei. Watu huyatupa Oktoba wakidhani ni ya msimu mmoja. Inaniuma kila nikiyaona jalalani, kwa sababu yakitunzwa huishi miaka.

Mimi huingiza vyungu ndani usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mizizi ya kwenye chungu haina kinga kama iliyo ardhini. Baridi huipata kila upande. Na chungu cha udongo kikiachwa nje kikiwa na unyevu, maji yakiganda kinapasuka.

'Rubrum' nauacha ulale. Nakata majani yabaki kama sentimita 10, kisha chungu kinashuka besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, mahali penye ubaridi wa nyuzi 8 mpaka 12, mbali na hita. Hapa ndipo wengi wanapouua, tena kwa huruma. Wanaona visiki vimekauka, basi wanamwagilia kila wiki. Mmea uliolala haunywi maji ya kiasi hicho, na udongo ukikaa umelowa kwenye ubaridi, mizizi inaoza. Chomeka kidole chote ndani ya udongo. Ukisikia unyevu, uache. Ukisikia ukavu mtupu, mimina kikombe kimoja cha maji, basi. Kwangu huwa kama mara moja kwa mwezi.

Mchaichai siulazi, maana Januari ndiyo nautaka zaidi kwenye chai. Unakaa dirisha linalotazama kusini, kwa kuwa jua la majira hayo hupita chini upande huo. Shida yake ni utitiri, wanaopenda hewa kavu ya hita. Geuza jani: ukiona vidoti vya manjano na utando mwembamba, peleka chungu bafuni, osha majani juu na chini, urudie baada ya siku chache. Vaa glavu, kingo za majani hukata vidole.

Mwishoni mwa Machi toa 'Rubrum' kwenye mwanga na uongeze maji kidogo kidogo. Machipukizi hutoka pembeni mwa kisiki; katikati mara nyingi pamekufa. Ng'oa kisiki, kigawe kwa kisu cha meno, katikati patupwe, vipande vya pembeni vipandwe kwenye udongo mpya. Usitoe vyungu nje mpaka ufike mwisho wa Mei, tena kwa kuzoeshwa: saa chache kivulini, halafu jua la asubuhi, na kwa wiki nzima ya kwanza jioni vyungu virudi ndani.