Maswali ya Wasomaji: Muungano wa Kushoto wa Bengal, miaka 34 madarakani kisha viti sifuri

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba kuna muungano wa vyama vya kushoto India ulikaa madarakani miaka 34 mfululizo, na kwa kura sio kwa mtutu, basi meseji zikamiminika. Nimechagua chache, zingine nimeziunganisha maana zilikuwa zinauliza kitu kilekile. Kwa ambao hawakusoma: ni jimbo la Bengal Magharibi, mji mkuu Kolkata, na muungano wenyewe kule wanauita Bamfront. Hapa nitauita Muungano wa Kushoto, twende.

Shikamoo kaka mhariri. Miungano ya vyama huku kwetu inavunjika hata kampeni hazijaisha. Hawa wenzetu waliwezaje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza ujue mara ya kwanza hawakuweza, na mara ya pili wakaharibu zaidi.

Chama cha Kikomunisti cha India kilipasuka 1964, waliojitoa wakaunda kile watu wanachokiita CPM, waliobaki wakaendelea kuitwa CPI. Uchaguzi wa 1967 hao ndugu wawili wakaingia kwenye kambi mbili tofauti, wakachapana wenyewe kwa wenyewe, halafu matokeo yalipotoka na chama tawala cha Kongresi kukosa wingi ndo wakakumbuka kuungana harakaharaka. Wakamweka Ajoy Mukherjee, mtu aliyetoka Kongresi na chama chake kidogo, awe waziri kiongozi (cheo kama kile cha Zanzibar kabla ya 2010), na Jyoti Basu wa CPM akawa naibu wake. Serikali haikumaliza hata mwaka. 1969 wakarudi wakashinda kwa kishindo, na hapo ndo ikawa vurugu kabisa, kila chama kimeikalia wizara yake kinajengea matawi, huko vijijini wafuasi wa vyama vya serikali hiyohiyo moja wanatoana damu kugombea mashamba, mpaka Desemba 1969 waziri kiongozi akaenda kukaa hadharani akafunga kula kuilalamikia serikali yake mwenyewe. Sijui kama kuna nchi nyingine imewahi kuona hiyo. 1970 ikaanguka.

Kilichowafundisha ni kipigo. Uchaguzi wa 1972 CPM walisema wameibiwa, wanachama wao wengi wakafukuzwa mitaani kwao, halafu waziri mkuu wa India, Indira Gandhi wa Kongresi, akatangaza hali ya hatari Juni 1975 mpaka 1977, watu wakawekwa ndani. Walipotoka huko walikuwa wameshaelewa. 1977 wakakaa KABLA ya uchaguzi: CPM, Forward Bloc (chama alichoanzisha Subhas Chandra Bose 1939), RSP (nacho chama cha kushoto), na vingine vitatu vidogovidogo. Makubaliano yao ukiyafupisha ni haya, ilani moja na kila kiti mgombea mmoja. Basi. Maana mfumo wao wa kura ni kama wetu, anayeongoza ndo anabeba, hata awe na asilimia 35. Segerea, Dar es Salaam, 2015 si tuliona, Ukawa (muungano wa wapinzani Tanzania) wakasimamisha wawili kwenye jimbo moja na CCM ikapita.

Kumbuka pia hawakutaka kwenda peke yao. Walikiambia chama cha Janata, ambacho ndo kilikuwa kimetoka kumng'oa Indira, chukueni zaidi ya nusu ya viti na uwaziri kiongozi muuchukue, sisi tubaki na vinavyobaki. Janata wakakataa, wakataka zaidi! Mazungumzo yakavunjika, kushoto wakaingia wenyewe na Juni 1977 wakapata asilimia 46 hivi ya kura, na kwenye viti 294 wakazoa zaidi ya 230. Tarehe 21 Juni Jyoti Basu akaapishwa. Janata sijui walijisikiaje wiki hiyo.

Kama CPM walikuwa wengi hivyo, vile vyama vidogo vilifuata nini? Si walikuwa wapambe tu? (Msomaji, Nakuru)

Swali zuri, na jibu linakera kidogo. CPM peke yake ilikuwa na viti 178, wingi ni 148, kwahiyo wangeweza kuwaambia wenzao asanteni kwa kuja. Hawakufanya hivyo. Wakawapa wizara, na kila uchaguzi wakawaachia viti vilevile, na mi naona hii ndo siri kubwa kuliko itikadi yote. Walishaona 1970 mshirika aliyenuna anaweza kukuangusha. Halafu hivi vidogo vilikuwa na ngome za kweli, Forward Bloc kule Cooch Behar kaskazini, RSP kwenye mashamba ya chai na kusini karibu na Sundarbans, yani sehemu ambazo CPM angesimama angegawana nao kura na Kongresi angepita katikati. CPI yenyewe, ile iliyokuwa imeegemea Kongresi hata wakati wa hali ya hatari, ilisamehewa ikaingizwa ndani kwenye uchaguzi wa 1982.

Lakini upambe ulikuwepo, tusidanganyane. Maamuzi makubwa yalipikwa ofisi ya CPM kwanza ndo yanaletwa kwenye kikao cha muungano. Walisema, walinung'unika, wakasaini. Itakuja kuwagharimu, soma mbele.

Mimi ni mkulima, siasa za viti sizijui. Mkulima wa kule alipata nini? (Msomaji, Kwale)

Alipata shamba lisilomponyoka. Bengal kulikuwa na mamilioni wanaolima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, wanaitwa bargadar. Hana karatasi, mwenye shamba akiamka vibaya anamfukuza, na mavuno wanagawana anavyotaka mwenye shamba. Sheria ya kumlinda ilikuwepo siku nyingi, imetungwa Kongresi wakiwa madarakani, ila nani akaisimamie? Mkulima ukienda ofisi ya ardhi mchana unamkuta karani anakunywa chai na mwenye shamba.

1978 wakaanzisha Operesheni Barga, waziri wa ardhi akiwa Benoy Choudhury. Walichobadilisha ni kitu cha ajabu kwa urahisi wake: badala ya mkulima kumfuata ofisa, ofisa alimfuata mkulima kijijini, jioni baada ya kazi, wanakaa wengi pamoja, majina yanasomwa mbele ya watu wote, anayepinga aseme hapohapo. Mwenye shamba hawezi kumtisha mmoja mmoja. Waliosajiliwa wakafika milioni 1.4 hivi. Ukishasajiliwa hufukuzwi hovyo, na kama jembe na mbegu na mbolea ni vyako unachukua asilimia 75 ya mavuno. Mwaka huohuo wa 1978 wakafanya uchaguzi wa panchayat, zile halmashauri za vijiji, kukajaa walimu wa shule za msingi na wakulima wadogo mahali palipokuwa pa matajiri wa kijiji.

Sasa hebu piga hesabu ya kisiasa hapo. Familia zaidi ya milioni zinazojua kabisa kwamba karatasi ile ililetwa na nani. Ndo maana walishinda 77, 82, 87, 91, 96, 2001 na 2006, mara saba, na Kolkata mjini walikuwa wanalalamikiwa kila siku, umeme unakatika, viwanda vinahama, migomo haiishi, Kiingereza kimeondolewa shule za msingi watu wa mjini wakachukia kweli, ila kura za vijijini zinafunika.

Sasa walianguka kwa nini? Na usituambie ubeberu tafadhali. (Msomaji, Bukavu)

Hahaha, sisemi. Walijiangusha, na ni kwa ardhi ileile.

Basu alistaafu 2000 baada ya miaka 23, akaja Buddhadeb Bhattacharjee, mtu msafi, msomi wa fasihi, hata maadui zake hawakumtuhumu kuiba. Yeye aliona jimbo limejaa vijana wana vyeti hawana kazi, akasema sasa ni viwanda. 2006 kaulimbiu ikawa kilimo ndio msingi wetu, viwanda ndio kesho yetu. Wakashinda viti 235, akaapishwa tarehe 18 Mei na siku hiyohiyo kampuni ya Tata wakatangaza watajenga kiwanda cha gari dogo la bei rahisi Singur. Zikachukuliwa ekari 997, udongo mzuri wa mavuno zaidi ya moja kwa mwaka, kwa kutumia sheria ya mkoloni ya 1894. Serikali ya wakomunisti, sheria ya Mwingereza, kiwanda cha tajiri. Na fidia sasa, mwenye shamba analipwa, bargadar aliyesajiliwa anapewa asilimia 25 ya bei, ambaye hakusajiliwa hatambuliki. Yani waliosahauliwa na Operesheni Barga wakasahauliwa mara ya pili na chama kilekile.

Mamata Banerjee, aliyejitoa Kongresi na kuanzisha Trinamool 1998, alikuwa miaka yote anapiga kelele haendi popote. Hapo akapata mlango. Akafunga kula zaidi ya wiki tatu Desemba 2006. Halafu ikaja Nandigram, ambako ilitakiwa ardhi ya kiwanda cha kemikali na kampuni ya Indonesia, Salim Group, wanakijiji wakachimba barabara wakazuia serikali isiingie, na tarehe 14 Machi 2007 polisi wakapiga risasi wakaua watu 14. Ile ndo siku muungano ulikufa, uchaguzi ulikuja kuthibitisha tu.

Na hapa ndo narudi kwa rafiki yetu wa Nakuru. Kiti cha Nandigram chenyewe kilikuwa cha CPI, mshirika! Forward Bloc na RSP walilalamika hadharani kabisa kwamba hawakushirikishwa. Kulalamika walilalamika, kutoka serikalini hawakutoka. Ukishazoea gari la serikali miaka 30 kushuka ni kazi. Mi nawalaumu hao kuliko watu wengi wanavyowalaumu, maana kazi ya mshirika mdogo ni kupiga breki na hawakupiga.

Kuna jambo lingine ambalo wageni hawalioni. CPM vijijini ilikuwa imegeuka kuwa kila kitu, ugomvi wa mke na mume, mpaka wa shamba, kazi ya ualimu, vyote vinapita kwa komiti ya chama ya mtaa, fikiria balozi wa nyumba kumi wa enzi zile ila ana nguvu mara kumi na hana wa kumuuliza. Mpinzani alikuwa anaipata. Na ukatili haukuanzia Nandigram, 1979 walizingira wakimbizi maskini waliokuwa wamehamia kisiwa cha Marichjhapi wakawaondoa kwa nguvu, watu wakafa, na idadi inabishaniwa mpaka kesho. Wakati huo hakuna aliyewahoji maana ndo kwanza wanagawa ardhi.

Tata walihamia Gujarat Oktoba 2008, kwahiyo kiwanda hakikuwepo na kura zikaenda. 2011 Trinamool viti 184, Kongresi aliyeungana nao 42, Kushoto 62. Buddhadeb akapoteza hata kiti chake cha Jadavpur, na aliyemshinda ni Manish Gupta, aliyekuwa katibu mkuu kiongozi wa serikali hiyohiyo ya Kushoto! Angalia lakini, kura zao bado zilikuwa asilimia 41. Ule mfumo uliowabeba 1977 kwa asilimia 46 ndo huohuo uliowazika, kwa sababu safari hii walioungana walikuwa wapinzani.

Niko Muscat, nafanya kazi na Wakerala, kila uchaguzi wao ofisini hakukaliki. Wao mbona kushoto bado ipo? (Msomaji, Oman)

Wasalimie hao jamaa. Kerala, jimbo la kusini mwa India, walianza mapema zaidi, 1957 walimchagua mkomunisti, E.M.S. Namboodiripad, serikali kuu ya Delhi ikamtoa 1959. Muungano wao wa kushoto, LDF, ulishika serikali 1980, na kuanzia hapo ikawa zamu kwa zamu na UDF, muungano wa Kongresi, miaka mitano wewe miaka mitano mimi, mpaka 2021 LDF ya Pinarayi Vijayan ilipovunja mwiko ikashinda mara ya pili mfululizo, viti 99 kati ya 140.

Mi nadhani kushindwashindwa kuliwasaidia. Mtu anayejua keshokutwa anaweza kuwa nje, hata mwanachama wake wa kijijini anasalimia watu. Bengal kijana aliyezaliwa 1977 alifika miaka 30 na kitu hajawahi kuona chama kingine kinatawala, na wale vijana wa chama pia hawajawahi kuona upinzani ukoje, siku walipotolewa hawakujua hata pa kuanzia.

Baada ya kutolewa walifanya nini? Na ni kweli Jyoti Basu alikataa uwaziri mkuu wa India? (Maswali mawili, Msomaji, Dodoma)

La kwanza. 2016 wakaungana na Kongresi, yuleyule waliyepigana naye miaka 50, matokeo yake Kongresi akapata viti 44 na wao 32, yani mgeni kala kuliko mwenye nyumba. Wapigakura wao wengi walichotaka ni mtu wa kumtoa Mamata tu, kukawa na msemo mitaani "kwanza Ram, halafu kushoto", maana yake tuwapigie BJP (chama cha Wahindu wazalendo, ndo hao wa Ram) kwanza wamtoe huyu mama halafu turudi kwetu. 2019 BJP ikachukua viti 18 kati ya 42 vya Bengal kwenye bunge la taifa, Kushoto sifuri. 2021 wakaungana na Kongresi na chama kipya cha shehe mmoja kijana wa Furfura Sharif, hicho kipya kikapata kiti kimoja, Kushoto sifuri tena, Kongresi sifuri.

La pili. Hakukataa yeye, kilikataa chama. 1996 vyama vilivyoungana Delhi vilimtaka yeye awe waziri mkuu wa India nzima, kamati kuu ya CPM ikapiga kura ikasema hapana, hatuingii serikali ambayo hatuna nguvu ya kuiongoza. Mzee akatii, ila baadaye akasema wazi kwamba lile lilikuwa kosa la kihistoria. Nafasi ikaenda kwa H.D. Deve Gowda, ambaye hakumaliza hata mwaka. Kamati kuu huenda ilikuwa na hoja yake pale, Basu angetegemea Kongresi ileile iliyomwangusha Gowda, ila mi ningependa kuona angefanyaje, mtu aliyeishi na washirika miaka 19 bila muungano kuvunjika hakuwepo mwingine India.