Songwe mpaka Dar ni dakika 52 kweli?

SWALI: Habari kaka mhariri, mimi nipo Mwanjelwa hapa Mbeya. Nampeleka mama kliniki Muhimbili, miadi ni saa sita mchana, nimemkatia ndege ya saa tatu asubuhi maana mgongo wake hauwezi tena basi. Sasa mtandaoni nimeona toka uwanja wa ndege wa Songwe mpaka Dar ni kilometa 690, dakika 52, ila tiketi imeandika saa moja na dakika 40, na watu wa mabasi wanasema kilometa zinapita 800. Nishike lipi?

JIBU: Dada yangu shika la tiketi, tena uongeze. Hiyo 690 ni mstari ulionyooka angani, ni sahihi kabisa, basi lenyewe linazunguka Makambako, Iringa, lishuke Kitonga, Mikumi, Morogoro ndo lifike, kwaiyo lazima zizidi. Njia ya Songea ndo utashangaa, angani toka Mbeya ni kama 320 ila kwa gari unakula 460 na kitu sababu mpaka ukazungukie Makambako na Njombe.

Dakika 52 zinatoka hivi: wamechukua 690 wakagawa kwa spidi ya kilometa 800 kwa saa, basi, kana kwamba ndege inaanza na kumaliza safari ikiwa juu kwa spidi hiyo hiyo. Tiketi inahesabu toka ndege inaondoka pale ilipopaki mpaka inapaki Dar, humo kuna kutembea kwenda kwenye ranwei, kupanda taratibu, kupunguza mwendo na saa ingine kuzungushwa juu kusubiri zamu ya kutua. Alafu zile za pangaboi hazifiki hiyo 800, zinacheza kwenye 650 hivi, jeti ndo inawahi kidogo.

Sasa piga hesabu ya mama. Toka Mwanjelwa mpaka Songwe ni zaidi ya kilometa 20, unapita Mbalizi pamoja na malori ya Tunduma, likizima moja pale barabarani mmekwama, kwaiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri muwe mshatoka. Kutua ni saa nne na dakika 40, kusubiri begi, kutafuta teksi, mpaka mpite Tazara na foleni yake, saa sita ishagonga. Na hapo sijaweka ukungu, Songwe asubuhi ukishuka ndege haitui na kama haijatua hamna cha kuwabeba nyie.

Mimi ningekuwa na mama mgonjwa ningeenda siku moja kabla, tukalala kwa ndugu hata Vingunguti, karibu tu na airport. Badilisha tarehe mapema maana ukichelewa faini inapanda, na ukiwapigia waambie kabisa mama anahitaji kiti cha magurudumu Songwe na Dar pia, usisubiri kukiomba kaunta.