Chuma huanzia kwenye nyeusi: kwa wanaoanza kupaka rangi sanamu za askari wa deraya

Ukimpaka askari rangi ya fedha tupu toka kichwani hadi miguuni, atafanana na sufuria mpya. Kwenye sanamu ya milimita 28, chuma huonekana chuma kwa sababu ya giza linalobaki kwenye viungo.

Ioshe sanamu kwanza kwa sabuni ya vyombo na mswaki laini. Mara nyingi hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi ikikaa juu yake hubanduka. Kwangua pia mstari wa kalibu, ule mwinuko mwembamba ulioachwa pale vipande vya kalibu vilipokutana, kwa kisu. Ukiuacha kwenye chapeo, rangi ya chuma itauanika.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, iwe nyeusi, ya kupuliza, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kwa joto la Oktoba hapa Tabora, rangi hukaukia hewani na kutua kama unga, sanamu ikawa na ngozi ya msasa. Puliza asubuhi na mapema, ndani ya boksi lililolazwa ubavu, vumbi lisiingie. Mvua zikianza, ngoja siku kavu, la sivyo unyevu utaacha ukungu mweupe.

Deraya ya pete, ile iliyofumwa kwa pete ndogo za chuma, ni rahisi kuliko inavyotisha. Chovya brashi kuukuu kwenye rangi ya chuma, ifute kwenye kitambaa mpaka ikipita kwenye kidole gumba iache alama hafifu tu, kisha ipitishe harakaharaka juu ya pete. Vilele vinashika rangi, mashimo yanabaki meusi.

Deraya ya mabamba ya chuma haitaki hivyo. Mabamba yatatoka na michirizi. Yapake tabaka mbili nyembamba, yakikauka tiririsha nyeusi iliyozimuliwa kwenye viungo na kuzunguka ribiti (vichwa vya misumari inayounga mabamba) peke yake. Ikituama gotini, ifyonze kwa brashi yenye unyevu. Ngoja nusu saa, ndipo utie fedha kwenye kingo. (Shujaa wa mwaka 1200 mwachie pete zake, mabamba ya mwili mzima ni mambo ya karne ya 15.)

Rangi ya chuma ina chembe zinazozama, kwa hiyo tikisa chupa dakika nzima na usiizidishie maji, chembe zitatawanyika. Ukimaliza, mwaga maji ya kuoshea brashi uweke mengine, vinginevyo kanzu nyekundu itametameta kama nguo ya harusi.

Vanishi isiyong'aa ni ya nguo na ngozi. Ikigusa mabamba yanakuwa kijivu, na itabidi urudie fedha ya kwenye kingo.